Hilo neno "bure" nani kakuambia?

"Shangazi shikamoo. Nina miaka 27, kazini huu mwaka wa pili. Majuzi nilituma ripoti ina makosa ya hesabu, bosi akasema rekebisha. Wiki ya tatu sasa silali, saa nane usiku niko kwenye kompyuta naiangalia ile ripoti, najiona bure kabisa. Mume wangu nikimwambia anasema zima tulale. Hanijali. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu, pole, wiki tatu bila usingizi si mchezo.

Ila barua yako nimeirudia mara mbili. Bosi kasema rekebisha. Mume kasema tulale. Sasa hilo "bure kabisa" kalisema nani? Ni wewe peke yako, halafu kesi unampelekea mume! Na huyo anayekuambia zima saa nane usiku si ina maana na yeye yuko macho, anakesha na wewe na asubuhi ana kazi zake, hilo mbona hukuliandika?

Nyie vijana wa siku hizi mnabeba ofisi nzima mnaitua kitandani, halafu mwenzio awe mume, awe daktari, awe wakili wa kukutetea mbele ya bosi ambaye hata hajakushtaki. Na mnadhani kujisema vibaya ndo bidii. Wapi, mtu anayejitukana kila akikosea mwisho anaogopa hata kufungua meseji za kazini.

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Kristin Neff, toka 2003 anaandika kuhusu kujihurumia, na si kudeka, ni kujisemesha kama unavyomsemesha shoga yako akiharibu, kujua kila mtu hukosea, na kuuangalia uchungu wako bila kuukuza wala kuufukia. Shoga yako akikosea hesabu utamwambia we bure? Haya.

Na hayo mawazo usishindane nayo, ukiyafukuza yanarudi na ndugu zao. Likija we sema "nimepata wazo kwamba mimi ni bure", basi, wazo limekuja kama mgeni, mwache akae hapo kwenye kiti na wewe endelea na kazi yako.

Usingizi ukigoma bado, au ukianza kuwaza kujidhuru, nenda kwa daktari usingoje barua yangu.

Leo akisema zima, zima. Kesho muombe radhi kwa kumwita hajali, ila na hilo nalo usije ukalikeshea.