Ukipata pancha Kitonga, usisimame hapo hapo

Maelekezo mengi ya pancha huanzia kwenye jeki. Mimi naanzia mahali pa kusimama. Tairi likiisha upepo kwenye kona za mlima Kitonga, kwenye barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa, huku malori yanakuja nyuma yako, washa taa za tahadhari utambae mdogo mdogo, hata kama unasikia rimu inasaga raba, mpaka upate sehemu iliyonyooka yenye nafasi ya kutoka kabisa kwenye lami. Tairi litakufa, na rimu inaweza kupinda. Hivyo vinauzwa dukani.

Likipasuka kwa kishindo ukiwa kwenye mwendo, mguu utataka kukimbilia breki. Uzuie. Shika usukani kwa mikono miwili, achia mafuta, gari lipunguze mwendo lenyewe ndipo ulitoe pembeni.

Pembetatu usiiweke mita mbili nyuma ya buti. Tembea hatua hamsini au zaidi, na kama kuna kona, iweke kabla ya kona. Abiria washuke wakae mbali na lami. Ndani ya hifadhi ya Mikumi, ambako barabara inapita kama kilomita 50, utaratibu unabadilika kidogo: watoto hawasogei mbali na gari, na anayefungua nati awe na mwenzake anayetazama nyasi, si simu. Matawi uliyotandaza barabarani kuwaonya wenye magari na mawe uliyozuilia matairi uyaondoe ukimaliza. Jiwe lililoachwa kwenye lami usiku linaweza kumuua mtu wa bodaboda.

Legeza nati kabla ya kuinua gari, tairi likiwa bado limekanyaga chini. Zile zilizokazwa gereji kwa mashine ya upepo hazisikii wili spana fupi ya gari, kwa hiyo mimi natembea na kipande cha bomba la chuma cha kurefushia mpini. Kibao cha kuwekea chini ya jeki nacho hakikosi, maana pembeni mwa barabara zetu ni mchanga. Gari likishainuka, laza spea chini ya ubavu wake wakati unatoa tairi bovu. Jeki ikiteleza, gari litaangukia spea badala ya mguu wako.

Spea yenyewe ndiyo inayoumbua watu. Kwenye gari dogo inakaa chini ya sakafu ya buti, chini ya mizigo yote. Binamu yangu alipata pancha akitokea Iringa baada ya kupakia vitunguu Ruaha Mbuyuni. Alishusha magunia, masanduku na ndoo za watu, akainua sakafu, akakuta spea laini kama chapati. Siku hizi napima upepo wa spea kabla mizigo haijaingia.

Magari mengi madogo tunayoagiza Japani yana spea nyembamba. Soma ubavuni: mara nyingi inataka upepo wa kPa 420, yaani kama psi 60, karibu mara mbili ya tairi la kawaida, na mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Hiyo ni ya kukufikisha kwa fundi pancha, si Mbeya. Kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele na pancha imeingia mbele, hamishia mbele tairi zima la nyuma, kale kembamba ukafunge nyuma. Ni kazi mara mbili, lakini magurudumu ya mbele ndiyo yanayokata kona na kubeba sehemu kubwa ya breki.

Mengine hayana spea kabisa, yana chupa ya dawa na pampu ndogo. Dawa hiyo ina tarehe ya mwisho, na gari likiwa limetumika miaka kadhaa huko kwao, chupa huenda imeshapitwa. Wala haisaidii ubavu uliochanika.

Kwa fundi pancha, usikae kwenye benchi kunywa soda. Simama uone. Kamba ya kuzibia tobo inatosha kwa msumari ulioingia katikati ya kashata, yaani sehemu ya tairi inayokanyaga barabara. Tobo la ubavuni halizibwi, hata fundi akikuapia. Na kama ulitambaa bila upepo, mwambie alitoe kwenye rimu mchungulie ndani. Mkikuta unga mweusi wa raba, ubavu umesagika na tairi hilo limekwisha, liwe na tobo moja au matano. Spea ikishatembea kilomita 50 hivi, nati zake zikazwe tena.

Ukilazimika kununua tairi la mtumba hapo hapo, tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT ubavuni. 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lenye kashata nzuri lakini limeandikwa 12 mwishoni, mwachie mwenyewe.