Kabla hujahamia Kibaha, muulize atakayeshinda nyumbani

Dada wa kazi tuliyehama naye kutoka Mwananyamala, Dar es Salaam, kwenda Kibaha alikaa wiki tatu tu. Begi alikuwa ameshalifunga tangu usiku. Alisubiri nimalize chai ndipo akasema, "Mama, mimi nisamehe, siwezi. Huku mchana kimya mpaka naogopa."

Nilikasirika. Nilimwona hana shukrani, maana mimi na baba watoto tulikuwa tumejinyima miaka mitano kwa ajili ya kimya hichohicho. Mwananyamala tulipanga vyumba viwili, ukuta kwa ukuta na baa, na mtoto wetu wa kwanza alizoea kulala muziki ukipigwa. Kibaha usiku unasikia vyura, na mara mojamoja komba akilia juu ya mwembe utadhani mtoto mchanga. Nilijiuliza mtu anakimbiaje mahali kama hapa.

Naandika haya kwa sababu mwenzangu mmoja kazini anataka kununua kiwanja huku Kibaha, maeneo ya Picha ya Ndege. Ameniuliza yote ambayo kila mtu huuliza: bei, maji, umeme, foleni. Nitamjibu. Ila kuna swali hakuliuliza, na mimi mwaka 2016 sikuliuliza pia: nani atakuwa ndani ya hiyo nyumba kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni?

Sisi hatukuwepo. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri, saa kumi na moja kasoro niko kituoni Maili Moja, nashuka Kimara, napanda basi la mwendokasi hadi Kivukoni. Kutoka Kibaha hadi katikati ya Dar es Salaam ni kama kilomita 40. Jioni nafika nyumbani saa tatu usiku, watoto wamelala, nakula ugali uliopoa nikiwa nimesimama. Tangu barabara ya Kimara hadi Kibaha ipanuliwe kuwa njia nane nafuu ipo, lakini magari yote hayo yanaendelea kugombania mji uleule, kwa hiyo panga muda wako kwa siku ya mvua, usiupange kwa Jumapili uliyokwenda kuangalia kiwanja.

Miaka miwili ya mwanzo, basi, Kibaha nilikuwa nalala tu. Msusi wangu alikuwa Mwananyamala, fundi cherehani Kinondoni, kikoba changu cha wenzangu wa kazini. Hata mchicha nilinunua Kimara, na mchicha wa Kibaha unaota nyuma ya nyumba yangu.

Kilichonishtua ni msiba. Alhamisi moja usiku bodaboda aliyenibeba alikata kona ya kuingia mtaani kwetu, nikaona turubai, taa, na wanawake wameketi kwenye mikeka. Ilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nikamuuliza kijana nani amefariki, akanitajia jina, nikawa silijui. Ikabidi anielekeze: yule mzee wa baiskeli nyekundu, mwenye mikorosho kule bondeni. Hapo ndipo nikamjua. Ni mtu niliyekuwa nampungia mkono kila Jumapili. Alikuwa ameugua miezi minne, majirani wakipokezana kumpeleka hospitali, na mimi nilikuwa napita mbele ya nyumba yake mara mbili kila siku, gizani.

Nilijifunga kanga nikaenda. Mama aliyekuwa akiandika rambirambi kwenye daftari aliinua kalamu, akaniuliza kwa upole kabisa, "Samahani dada, wewe ni wa nyumba ipi?" Kutoka pale alipoketi, taa ya barazani kwangu ilikuwa inaonekana. Sikupata usingizi usiku ule.

Mwaka 2018 nilijifungua mtoto wa pili nikapata likizo ya uzazi, siku 84. Kwa mara ya kwanza nikashinda nyumbani kwangu, na wiki mbili za mwanzo niliyapata yaleyale aliyoyasema yule binti wa kazi. Asubuhi haina shida: kuna kufagia, kuna kufua, muuza samaki anapita na baiskeli akipiga kengele. Kuanzia saa sita hadi saa tisa, jua likiwa utosini, hakuna kinachotikisika. Wenye kazi wamekwenda Dar, wanafunzi wako shule, mageti yamefungwa. Unasikia saa ya ukutani. Kuna siku nilimpigia mama yangu mzazi Mwananyamala, tukamaliza mazungumzo, nikamwomba asikate simu, aiweke tu pale gengeni nisikie watu wakibishana bei ya nyanya. Hakuniuliza kwa nini. Nililia huku nanyonyesha.

Yule binti alikuwa na miaka kumi na tisa. Mwananyamala alikuwa na foleni ya bombani, genge, na wenzake watatu wa nyumba za jirani wa kuchekeana nao juu ya ukuta. Nilimtoa huko nikamkabidhi uwanja, mtoto na mbwa, nikarudi saa tatu usiku nimechoka, nikamuuliza kama nguo zimekauka. Natamani ningemwomba radhi ana kwa ana.

Wiki ya tatu ya likizo nilitoka. Nyumba ya nne kuna mwembe mkubwa, na kila alasiri wanawake hukusanyika chini yake wakichambua kisamvu, wakisukana, wakikuna nazi. Nilikwenda na mtoto mgongoni na bakuli la karanga, nikaamkia wakubwa, nikaketi. Hakuna aliyenikaribisha kwa shangwe, wala hakuna aliyenitazama vibaya. Nilirudi kesho yake, na keshokutwa. Siku ya nne nikaombwa niwasaidie hesabu za kikoba chao, maana mtunza daftari alikuwa amesafiri kwenda kwao Rufiji. Mimi ni mhasibu. Daftari lile ninalo mpaka leo, tunakutana Jumamosi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayehamia mji wa pembeni ni huu, na nausema kwa uchungu wote: usisubiri ualikwe. Wiki ya kwanza nenda kwa mjumbe wa shina na kwa mwenyekiti wa mtaa ujitambulishe, wewe na watu wako, akuandike. Ulizia mchango wa ulinzi shirikishi ulipe bila kukumbushwa. Omba uingizwe kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, na ukisikia kuna msiba nenda, hata kwa robo saa, hata ukitokea kazini na viatu vya ofisini. Kisha hamishia huku angalau mambo matatu unayoyafanya mjini: msusi, fundi, duka la jumla, nyumba ya ibada, chochote. Mimi nilianza na msusi, na ndiye aliyenifundisha mji kuliko mtu mwingine yeyote.

Sasa maswali ya mwenzangu.

Kiwanja kaangalie mwezi wa nne. Wauzaji wengi wanapenda kukuonyesha kiangazi, udongo umekauka, gari linafika mpaka kwenye kona ya kiwanja. Njia ya kwetu ina udongo mweusi wa mfinyanzi, na masika ya kwanza tuliliacha gari kwa rafiki kando ya lami wiki sita tukawa tunatembea kwa miguu, viatu mkononi. Maji yanapopita wakati wa mvua huwezi kupajua Januari. Waulize watoto wanaocheza pale, watakuonyesha kijito kinakopita.

Kaende pia usiku. Barabara ya Morogoro inabeba malori ya kwenda Zambia na Kongo usiku kucha, na lori likipunguza mwendo kwenye mteremko linanguruma. Anayejenga mita mia mbili kutoka barabarani akidhani amefuata utulivu atajuta. Sisi tuko kama kilomita moja na nusu ndani, na usiku usio na upepo bado tunayasikia kwa mbali.

Kuhusu karatasi, nitasema kifupi ingawa ni jambo zito. Barua ya serikali ya mtaa inashuhudia kwamba mmeuziana. Hiyo si hati. Kabla ya kutoa hata shilingi nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri na namba ya kiwanja, uone kwenye ramani kama kimepimwa, na kama hakimo kwenye hifadhi ya barabara, njia ya umeme mkubwa au njia ya bomba kuu. Mwaka 2017 tuliziona nyumba zikibomolewa kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya kwa sababu ya hifadhi ya barabara, nyumba za watu waliozeeka humo. Nilipita pale kila siku kwenye daladala, na ndani ya gari hakuna aliyekuwa anaongea.

Maji: mtambo wa Ruvu Juu uko Mlandizi, mbele yetu kidogo tu, na maji yake yanakwenda Dar yakipitia upande wetu. Watu hulisikia hilo wakadhani kila nyumba ina bomba. Mwaka wa kwanza tulinunua maji ya boza na ya madumu. Jirani alichimba kisima akapata maji ya chumvi ambayo sabuni haitoi povu. Ukifika mtaani usiulize "maji yapo?", maana utajibiwa yapo. Uliza "jana yametoka saa ngapi, na tangi lako ni la lita ngapi?" Jibu la swali la pili litakueleza la kwanza. Nunua tangi kabla ya vigae.

Na mchwa. Hakuna aliyetuambia habari za mchwa. Tulihamia kwenye boma, hatujapiga plasta, milango miwili tu, na ndani ya miezi kumi fremu ya mlango wa nyuma ilikuwa imeliwa ikabaki rangi. Mwaga dawa kwenye msingi fundi akiwa bado chini. Baadaye ni kufukuzana nao miaka yote.

Hospitali ni sababu mojawapo iliyonifanya nisijute kuchagua Kibaha badala ya vitongoji vingine vilivyo karibu zaidi na kazini. Mji huu haukuota wenyewe kando ya barabara. Mwaka 1963 ulianza hapa mradi wa Tanganyika na nchi za Nordic, yaani za kaskazini mwa Ulaya, ukakabidhiwa serikali mwaka 1970, na ndio ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Kwa ajili hiyo mji mtulivu namna hii una sekondari inayojulikana nchi nzima, chuo cha wananchi, na Tumbi, ambayo leo ni hospitali ya rufaa ya mkoa wa Pwani. Anayefikiria kuhamia pembeni ya mji na mzee au mtoto mdogo aanze na swali hili: saa nane usiku tunakimbilia wapi, na kwa usafiri gani? Namba ya dereva wa bajaji anayelala karibu iandike ukutani.

Watoto wasome wanakoishi. Hapo sina mjadala. Mwaka mzima mtoto wetu mkubwa alikuwa anasoma Dar, basi la shule likimchukua saa kumi na moja alfajiri, na usiku mwingine alilala na sare ili asiamshwe mapema zaidi. Mwalimu wake alituita akasema mtoto anasinzia kila siku kipindi cha pili. Tukamhamishia shule ya hapa, anatembea dakika kumi na tano. Alama hazikupanda kwa muujiza wowote, ila alianza kucheza, akapata marafiki wa mtaani, na kupitia yeye sisi tukajulikana majina. Mpaka sasa wengi mtaani wananiita kwa jina la mwanangu.

Tuna dada mwingine sasa, mwaka wa tano huu. Kabla hajaja nilimwomba akae kwetu siku nne bila kazi yoyote, Jumatatu hadi Alhamisi, aone kama atapaweza. Siku ya tatu nilimkuta chini ya mwembe amesukwa nusu ya kichwa. Tulikubaliana kwamba alasiri mbili za wiki ni zake, na alizitumia kusoma ushonaji hapahapa mjini. Sare za wanangu anashona yeye.

Kwa hiyo, dada yangu wa ofisini, usiku wako wa Tabata naujua, na kelele unazozikimbia nazijua. Lakini wewe mchana utakuwa Posta pamoja na mimi. Atakayeshinda Picha ya Ndege ni mama yako, ambaye umeniambia kila asubuhi anakaa barazani kwenu akisalimiana na mtaa mzima, na wapita njia wanampa habari kabla ya redio. Kabla hujalipa, mlete kwangu. Mlete Jumanne, asubuhi ya saa nne, umwache mpaka saa kumi jioni, aimalize ile saa sita hadi saa tisa niliyoisema. Mimi sitakuwepo, lakini mama wa nyumba ya nne nimeshamwambia, ufunguo anao yeye, na amesema atampikia kisamvu.