Kabla ya kulaumu fomula ya ramani

Ukianza kazi kwenye programu za ramani, wakubwa watakupokea na fomula. Utaambiwa usome mfululizo wa Krüger wa 1912, hesabu inayogeuza latitudo na longitudo kuwa mita kwenye ramani bapa, na kweli ni kazi safi: Charles Karney aliuongezea vipengele mwaka 2011, kosa likabaki chini ya nanomita 5 hata ukiwa kilomita 3,900 kutoka meridiani ya katikati, mstari wa longitudo ambao ramani imejengwa juu yake. Lakini bikoni ya kiwanja ikihama mita nzima kwenye skrini, Krüger mara nyingi hana hatia. Fuatilia kwanza tarakimu zinadondokea wapi.

Chukua Dar es Salaam. Kwenye UTM, mfumo unaogawa dunia kwa zoni na kupima kwa mita, iko zoni ya 37 Kusini, na nothingi yake (namba ya kaskazini-kusini) ni kama 9,250,000. Namba ya biti 32 ya aina ya float, inayobeba tarakimu chache tu, ikishavuka 8,388,608 haibebi desimali tena, inaruka mita moja moja. Ingiza 9,250,000.4, itakurudishia 9,250,000. Sisi wa kusini mwa ikweta tunaponzwa na zile mita milioni 10 ambazo UTM hutuongezea ili nothingi isiwe hasi; Kampala, iliyo juu kidogo tu ya ikweta, hatua ya nothingi kwa biti zilezile ni kama milimita 4. Hifadhi kwa biti 64. Kadi ya michoro ikilazimisha 32, punguza kwanza namba za nukta ya jirani ukiwa bado kwenye 64, kisha ipe kadi hiyo tofauti.

Kingine ni pai, inayogeuza digrii kuwa radiani. Aliyeandika 3.1416 anasogeza Dar karibu mita 1.8 kusini, na jaribio la kwenda na kurudi (digrii kuwa mita, kisha mita kuwa digrii) litapita bila kelele, maana pai ileile inaharibu ukienda na kutengeneza ukirudi. Ndiyo maana sipendi jaribio hilo likiwa peke yake. Linganisha na PROJ, maktaba huria ya kubadili kuratibu, au na kitu kingine ambacho hukukiandika wewe.

Umbali mfupi nao una mtego wake. Ukiukokotoa kwa fomula ya kosini kinyume (arccos), nukta zilizoachana sentimita 5 zinaweza kutoka sifuri au sentimita 9.5 hata kwa biti 64, kwa sababu kosini ya pembe ndogo kati yake imegandana na 1. Havasaini (haversine), fomula nyingine ya umbali, haina shida hiyo.

Na ukikuta kosa la kama mita 300 kaskazini-kusini, usihangaike na desimali. Hapo mtu amechanganya datumu mbili, yaani misingi ya vipimo: Arc 1960, ya zamani ya Afrika Mashariki, na WGS 84, ya GPS. Angalia kama faili limeandikwa msimbo wa EPSG 21037 (Arc 1960) au 32737 (WGS 84).