Vipima mionzi viwili, masomo mawili: kipi kiaminiwe?

SWALI: Mimi ni fundi katika idara ya eksirei. Tunavyo vipima mionzi viwili vya mkononi. Kimoja ni cha tyubu ya Geiger-Müller yenye kidirisha bapa cha duara, nacho huonyesha hesabu kwa dakika na pia mikrosiveti kwa saa, yaani dozi ya mionzi ambayo mtu angeipata kwa saa. Kingine ni cha chemba ya ayoni. Nikiviweka mbele ya chanzo kidogo cha sesiamu-137 tunachotumia kujaribia, vinakubaliana. Nikisimama navyo karibu na mlango wa chumba wakati wa fluoroskopi (eksirei za mfululizo zinazoonyesha picha hai), kile cha Geiger husoma karibu mara tatu ya chemba, ilhali wakati wa picha moja ya kifua hakisogei kabisa. Je, ni kibovu? Naweza kugeuza hesabu kwa dakika kuwa mikrosiveti kwa kuzidisha kwa namba moja tu? Aidha, nimekifunika kidirisha kwa plastiki ili kisiingie vumbi. Kuna ubaya wowote?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa maelezo uliyoyatoa sioni dalili kwamba chombo chochote kati ya hivyo viwili ni kibovu. Kukubaliana kwavyo mbele ya sesiamu-137 ndiko kunakoniwezesha kusema hivyo, na ndiko pia kunakofichua chanzo cha tatizo, kwa sababu vipima vingi vya mkononi hufanyiwa ugezi, yaani kusawazishwa na kiwango kinachojulikana, kwa kutumia mionzi ya gama ya sesiamu-137, ambayo nishati yake ni kiloelektronivolti 662. Mikrosiveti unazozisoma kwenye kioo ni tafsiri iliyoandaliwa kwa ajili ya nishati hiyo. Eksirei zinazotawanyika kutoka kwa mgonjwa na kufika mlangoni ziko mbali sana nayo: mashine ikiwekwa kwenye kilovolti 80, hakuna fotoni (chembe moja ya eksirei) hata moja inayozidi kiloelektronivolti 80, na nyingi ziko chini kabisa ya hapo.

Tyubu ya Geiger-Müller, ambayo Hans Geiger na Walther Müller waliitangaza mwaka 1928, ni chombo cha kuhesabu na si cha kupima nishati. Fotoni ikitoa elektroni moja tu ndani ya gesi ya tyubu, volti kubwa iliyomo huifanya elektroni hiyo izalishe nyingine kwa wingi, na mpigo wa umeme unaotoka huwa na ukubwa uleule, fotoni iwe dhaifu au yenye nguvu. Chombo husikia hodi, lakini hakimjui aliyebisha. Sasa, fotoni za nishati ndogo hunaswa na kuta za tyubu kwa urahisi zaidi kuliko zile za sesiamu, kwa hiyo kwa kipimo kilekile cha dozi tyubu hupata hodi nyingi zaidi, na kikokotozi, kikidhani kwamba kila hodi ni ya sesiamu, huandika mikrosiveti nyingi kupita kiasi. Katika eneo la kiloelektronivolti 60 hivi, tyubu isiyo na kichujio huweza kusoma mara kadhaa ya kiwango halisi. Watengenezaji hupunguza kosa hilo kwa kuizungushia tyubu bamba jembamba la madini kama bati au risasi, lakini tyubu ya kidirisha bapa kama yako kwa kawaida huachwa wazi, kwa kuwa kazi yake ya msingi ni kutafuta uchafuzi wa nyuklidi nururifu, yaani atomi zinazotoa mionzi, kwenye meza, sakafu na mikono. Mara tatu uliyoiona wakati wa fluoroskopi hainishangazi.

Chemba ya ayoni hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Hukusanya chaji zote ambazo mionzi imezizalisha ndani ya hewa yake, na chaji hizo huongezeka kadiri nishati iliyoachwa hewani inavyoongezeka. Ndiyo maana masomo yake hayabadiliki sana nishati ya fotoni inapobadilika. Kwa kazi ya mlangoni, iamini chemba. Hata hivyo nayo ina udhaifu wake. Mkondo inaoupima ni mdogo kupindukia, kwa hiyo haifai kupimia viwango vya chini vinavyokaribia mionzi asilia, na unyevu ukiingia kwenye vihami vyake sindano huanza kutembea bila sababu. Iwashe dakika kadhaa kabla ya kuanza kazi na uangalie kama inatulia kwenye sifuri. Iwapo chemba imeachwa wazi kwa hewa ya nje, kanieneo (mgandamizo wa hewa) nayo huingilia masomo: kwenye mwinuko wa mita 1,500 hewa ni nyepesi, na chemba ambayo ugezi wake umerekebishwa kwa usawa wa bahari, bila ya kusahihishwa, itasoma pungufu kwa takriban sehemu moja ya sita.

Linabaki suala la picha ya kifua, ambalo kwa maoni yangu ni zito zaidi, maana hapo chombo hakizidishi bali kinanyamaza, na msomaji asiye mwangalifu hutafsiri ukimya kuwa usalama. Picha moja huchukua sehemu ndogo sana ya sekunde. Kipima kinachoonyesha kasi ya dozi huhitaji sekunde kadhaa kufikia thamani ya mwisho, kwa kuwa hukokotoa wastani ili namba isirukeruke. Mionzi huwa imekwisha kabla sindano haijaanza kupanda. Chemba yako nayo haitatoa namba ya kweli ikiwa katika hali hiyo ya kasi. Iweke kwenye hali ya kujumlisha, weka chombo cha plastiki kilichojaa maji mahali pa mgonjwa ili kitawanye eksirei kama mwili unavyotawanya, piga picha kwa vipimo vikubwa mnavyovitumia kila siku, kisha usome jumla ya mikrosiveti kwa picha moja. Jumla hiyo ukiizidisha kwa idadi ya picha za mwaka ndiyo inayoweza kulinganishwa na ukomo unaopendekezwa na Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi: milisiveti 1 kwa mwaka kwa mtu wa kawaida, na milisiveti 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka 5, kwa mfanyakazi wa mionzi.

Kuhusu kugeuza hesabu kwa dakika kuwa mikrosiveti, jibu ni kwamba namba hiyo ipo, lakini ni ya nishati moja tu. Tyubu bapa za aina ya kawaida hutoa takriban hesabu 330 kwa dakika kwa kila mikrosiveti 1 kwa saa ya gama za sesiamu-137. Ukiitumia kwa eksirei unarudia kosa lilelile la mara tatu. Ukiitumia kwa doa la beta lililomwagika mezani unapata namba isiyo na maana yoyote, kwa sababu chembe za beta zinazohesabiwa pale hazipenyi mbali ndani ya mwili. Kwa uchafuzi, baki na hesabu, na ulinganishe na hesabu za mazingira. Kumbuka pia kwamba hesabu ni jambo la bahati nasibu: mazingira yakiwa na wastani wa hesabu 40 kwa dakika, kuona 30 dakika moja na 50 dakika inayofuata ni kawaida, kwa kuwa mtawanyiko wake ni takriban kipeuo cha pili cha hesabu zenyewe, yaani kama 6 juu au chini, na mara mojamoja huzidi hapo.

Japo hukuuliza, nitagusia ukimya wa aina nyingine. Baada ya kila mpigo tyubu huwa kiziwi kwa takriban mikrosekunde 100. Zikija fotoni 1,000 kwa sekunde utapoteza karibu asilimia 9, na zikija 10,000 utapoteza nusu. Zikizidi mno, baadhi ya vyombo vya zamani hurudi sifuri kabisa mbele ya chanzo hatari. Sindano iliyogota mwishoni mwa kipimo nayo si somo. Usiku wa ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, Aprili 1986, vipima vilivyokuwepo vilikomea kwenye mikrorontgeni 1,000 kwa sekunde (rontgeni ni kizio cha zamani cha mionzi), sawa na rontgeni 3.6 kwa saa, na ukomo huo wa chombo ukaripotiwa kana kwamba ni kiwango kilichopimwa. Mwaka uliofuata, mjini Goiânia nchini Brazili, mwanafizikia aliyeazima kipima aliona kimefika mwisho kila alikokielekeza, akadhani ni kibovu, akarudi kuchukua kingine. Kumbe sesiamu-137 ilikuwa imesambaa kweli. Kwa hiyo kila unapokaribia chanzo usichokijua, washa chombo ukiwa mbali, kijaribu kwa chanzo chako kidogo, na utazame namba inavyopanda hatua kwa hatua.

Plastiki uliyoweka haina athari yoyote ya maana kwa gama. Kwa chembe za alfa ni ukuta kamili: hata karatasi ya kawaida huzizuia, na kidirisha chako kimetengenezwa kwa ulanga mwembamba mno ili ziweze kupita. Beta dhaifu, kama zile za kaboni-14, nazo hupungua sana. Kama idara yenu haishiki vyanzo vya alfa wala beta, iache plastiki mahali pake, ila bandika maandishi kwenye mpini yanayosema kwamba kidirisha kimefunikwa, kwa sababu atakayeazima chombo hicho kesho huenda akaenda nacho kwenye maabara ya nyuklidi na kurudi akisema meza ni safi.