Je, Mungu anaacha mwenye haki afungwe?

Swali: Bwana asifiwe, Baba Pasta. Mume wangu alikuwa mtunza depo hapa Lubumbashi. Alikataa kutia sahihi karatasi inayosema mizigo imefika kamili wakati haikufika, akawaambia wakubwa wake kwamba yeye ni mtu wa Mungu, hawezi kusema uongo. Sasa yuko gereza la Kasapa, anashitakiwa kwamba ndiye mwizi wa mizigo hiyo. Kwenye kikundi cha maombi wananiambia tutubu, kwa sababu Mungu hawezi kuacha mwenye haki afungwe. Ni kweli? Na nikitafuta avoka, yaani wakili, nitakuwa nimepungukiwa imani?

Jibu: Mama mpendwa katika Kristo, waliokuambia hivyo wamekutwisha mzigo ambao Maandiko hayakutwishi. Fungua Mwanzo 39. Yusufu alifungwa kwa sababu alikataa dhambi. Tena angalia ushahidi ulioletwa juu yake: ni vazi lake mwenyewe, lile aliloliacha mikononi mwa mke wa Potifa alipokimbia. Alama ya utii wake ndiyo iliyogeuzwa kuwa ushahidi wa kosa lake. Nilipofika pale ulipoandika juu ya karatasi isiyo na sahihi, nilikumbuka vazi hilo. Na mstari wa 21 unasema Bwana alikuwa pamoja na Yusufu mle gerezani, kabla hajatoka na kabla mtu yeyote hajamsafisha jina. Basi kufungwa si dalili kwamba Mungu amemwacha mtu.

Wala Yusufu hakuona haya kusema kwamba hana kosa. Alimwambia waziwazi mnyweshaji wa Farao, aliyefungwa pamoja naye, akamwomba amtaje kwa mfalme. Mnyweshaji akatoka, akamsahau, ikapita miaka 2. Mimi naona hapo ndipo habari hiyo inatugusa sisi watu wa kanisa. Mume wako aliimba nasi. Ni wangapi wamefika Kasapa kumpelekea hata bukari, yaani ugali? Unajua mwenyewe kwamba mfungwa asiyeletewa chakula na watu wake anateseka. Waebrania 13:3 inasema, “Wakumbukeni hao waliofungwa, kana kwamba mmefungwa pamoja nao.” Haikusema tuwachunguze kwanza.

Hapa kwetu tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Simon Kimbangu alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa kule kijijini Nkamba mwaka 1921. Mwaka huohuo, tarehe 3 Oktoba, mahakama ya kijeshi ya Wabelgiji ilimhukumu kifo. Mfalme Albert akageuza hukumu hiyo kuwa kifungo cha maisha, naye akaletwa mji huu huu, wakati ule ukiitwa Elisabethville. Alikaa kifungoni miaka 30, akafa hapa tarehe 12 Oktoba 1951. Mimi si Mkimbanguisti, na mafundisho ya kanisa lililotokana na mahubiri yake siyafuati yote. Lakini sijawahi kusikia mtu akisema alifungwa kwa sababu alikuwa na dhambi ya siri.

Sitakuahidi, mama, kwamba kila mlango utafunguka kama ule wa Petro katika Matendo 12. Yohana Mbatizaji hakutoka. Akiwa kifungoni alituma watu wamuulize Yesu kama kweli yeye ndiye yule ajaye, na Yesu hakumkemea kwa swali hilo. Aliwaambia makutano kwamba katika wazao wa wanawake hakuna aliye mkuu kuliko Yohana. Herode akamkata kichwa. Kwa hiyo mume wako akikuambia siku moja kwamba imani yake inatikisika, usishituke, na usimpeleke kwa wale wa kikundi.

Juu ya avoka: mtafute, tena upesi. Kule Filipi, Paulo na Sila walipigwa na kufungwa bila hukumu. Asubuhi wakaambiwa waondoke kimyakimya. Paulo akakataa, akadai wakubwa wenyewe waje kuwatoa, kwa sababu yeye ni raia wa Roma (Matendo 16:37). Baadaye akakata rufani kwa Kaisari. Mtume alitumia sheria ya nchi yake, na imani yake haikupungua. Sheria ya nchi yetu nayo iko upande wako: Katiba, kifungu cha 17, inasema mshitakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho imthibitishe.

Ila kuna jambo moja gumu. Pengine mtu atakuambia faili litatembea ukitoa matabishi, yaani rushwa. Liwali Feliki aliyatazamia kwa Paulo, akawa anamwita mara kwa mara. Paulo hakuyatoa, akaachwa kifungoni miaka 2 (Matendo 24:26-27). Mume wako yuko ndani kwa kukataa uongo. Tusimtoe kwa rushwa. Avoka alipwe mshahara wake halali, na usiachiwe wewe peke yako deni hilo. Niletee karatasi zote za faili kabla ya Jumamosi, wazee wa kanisa wanakutana siku hiyo, nami nitaomba mchango wa avoka uwe jambo la kwanza.