Hiyo "scape" ya soundscape haijatoroka popote

Mkuu, usipeleke hiyo kazi kwa mchapaji! Umeuliza neno la Kiingereza soundscape, yaani mandhari ya sauti, jumla ya sauti zinazosikika mahali, limetoka wapi na bangoni liandikweje kwa Kiswahili, halafu ukajijibu mwenyewe: "sound na escape, yaani sauti zinazotoroka". Shimo hilo hilo mimi nilishatumbukia.

Nilipewa kutafsiri maandishi ya maonyesho ya sanaa ya sauti. Jamaa mmoja anayejiita mtaalamu wa lugha, video kibao mtandaoni, akaniapia kuwa scape ni escape iliyokatwa kichwa. Nikaandika MTOROKO WA SAUTI, bango la mita nne. Siku ya ufunguzi mzee mmoja akamuuliza mlinzi kama spika zimeibiwa. Bango likashushwa, la pili nikalilipia mimi, ujira wote ukaishia kwa mchapaji. Nilipomtafuta jamaa akanijibu, "Lugha inakua." Inakua kwa hela yangu! Hadi leo nikichelewa kurudi nyumbani, mke wangu anauliza kama nilitoroka na zile sauti. Nacheka, nifanyeje.

Sikia. Scape imekatwa kwenye landscape. Waingereza walilichukua neno hilo kwa Waholanzi, landschap, mwishoni mwa karne ya 16, na lilikuja kama neno la wachoraji: lilimaanisha picha ya mandhari, mandhari yenyewe ikafuata baadaye. Ile -schap ni ndugu wa -ship ya friendship, kazi yake kama u- yetu ya urafiki. Nani katoroka hapo? Karne ya 18 wakaukata mkia huo wakaubandika kwenye bahari, ikawa seascape. Karne ya 20 ikafika zamu ya sauti, na aliyelieneza sana ni mtunzi wa muziki wa Kanada, R. Murray Schafer, aliyekuwa na wenzake Vancouver wakirekodi milio ya mji wao miaka ya 1970.

Kwa hiyo neno la kuunganishwa usilipasue kwa sikio, hata siku moja. Kwanza tafuta ndugu zake wenye mkia huo huo, uone nani alizaliwa mapema. Mimi ningeitazama seascape dakika moja tu, ningejiuliza bahari inatorokea wapi, na hela yangu ingekuwa mfukoni.

Halafu hiyo escape umeitoa kwa nani? Kama ana video, namjua.