Hukumu hutenguliwa au hubatilishwa?

Msomaji wa Likoni ameniandikia: "Shikamoo mwalimu. Nimesikia kwenye habari kuwa Mahakama ya Juu 'imebatilisha hukumu'. Baba ashikilia kwamba hukumu hutenguliwa, tena eti mahakama ya mwisho ni Mahakama Kuu. Nani kakosea?"

Marahaba. La mahakama ni jepesi: Mahakama Kuu iko chini ya Mahakama ya Rufaa, na juu yao ipo Mahakama ya Juu, iliyoletwa na Katiba ya Kenya ya 2010. Simlaumu mzee. Ukiambiwa kitu ni "kuu", wadhani hakuna kinachokizidi.

Sasa vitenzi. Kutengua sisi wa Mombasa twakujua tangu madrasa. Udhu ukitenguka, swala uliyokwisha kuiswali ni yako, haiguswi. Lakini swala yenyewe ikibatilika, waanza tena tangu takbiri. Rakaa ulizopita hazihesabiwi. Kwa hiyo Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilipobatilisha uchaguzi wa rais, neno lilikaa mahali pake: watu walirudi vituoni kana kwamba kura za Agosti hazikupigwa. Ile, hata hivyo, haikuwa rufaa. Kesi ya uchaguzi wa rais huanzia na kuishia palepale.

Rufaa asili yake ni Kiarabu, kupandisha kitu juu; ndiyo maana hata hospitali yetu ya Makadara ni "ya rufaa", mgonjwa hupandishwa huko kutoka zahanati. Na kesi nayo hupanda hivyo. Hukumu ya chini ilikuwa na nguvu, pengine mtu ameshakaa jela kwayo. Majaji wa Mahakama ya Juu hawaanzi kuita mashahidi upya. Husoma kumbukumbu za kesi, huwasikiliza mawakili, kisha huiacha hukumu isimame au huitengua. Hapo niko na baba yako.

Ila lililonikera mimi ni "hukumu" yenyewe, maana twaitumia kwa uamuzi na kwa adhabu pia. Chukua kesi ya Muruatetu. Mahakama Kuu iliwapata washtakiwa na hatia ya mauaji, ikawapa kifo, kwa kuwa sheria haikumwachia jaji adhabu nyingine ya kuchagua. Mahakama ya Rufaa haikubadili kitu. Disemba 14, 2017, Mahakama ya Juu ikasema kule kumfunga jaji mikono ndiko kunakokwenda kinyume na Katiba, ikairudisha kesi Mahakama Kuu wasikilizwe kuhusu adhabu tu. Hatia ilibaki palepale. Ukiandika "hukumu yao ilitenguliwa", msomaji wa Kisauni atadhani siku ile walivuka geti wakaenda zao nyumbani. Andika "adhabu".